Vya Ndani

Lusubilo alikuja Isyesye na tope jekundu viatuni,
akavivua mlangoni ingawa nilimwambia aingie navyo.
Mwezi wa sita, umande umelalia viazi hadi saa nne,
naye ana fomu, ana kalamu mbili, ana jina zuri:
kwetu Lusubilo ni tumaini. Kampuni ilijua nani wa kumtuma.

"Mama, tuandike vya ndani. Kila kitu na bei yake."

Elfu sabini kwa mwaka.
Nikapiga hesabu ya gunia la mkaa,
ya ada ya Gwamaka, karudishwa nyumbani mara mbili,
nikaona elfu sabini imekwisha kabla haijaniaga.
Lakini kuandika ni bure. Nikasema, andika.

Sufuria la pilau.
Hapana, lile liko kwa Mama Ambokile tangu msiba wa mkwewe.
Toroli.
Liko kwa Asumwisye, anasombea samadi.
Chupa ya chai, ya lita tatu.
Kanisani, kwa akina mama wa kwaya.
Turubai sijui liko wapi,
ila mvua ikinyesha kwenye harusi ya mtu nitaliona.
Viti sita: vinne vyangu, viwili vimeandikwa T.M. kwa chini
kwa rangi ya kucha, mkono wa Tupokigwe.

Kijana akaweka kalamu.
"Sasa mama, humu ndani chako ni kipi?"
Nikacheka hadi chai ikanipalia.
"Cherehani. Hiyo haiazimwi."
Nikamtajia bei ndogo, kwa aibu,
kama anayempunguzia mtoto umri ili asilipiwe nauli.
Akaondoka na fomu isiyo na saini.

Moto haukupiga hodi.
Ulitoka kwenye pasi, kaa moja,
dogo kuliko jino la kwanza la Gwamaka,
likaangukia sare za shule, kumi na nne, zote za watu.
Saa mbili usiku tumesimama barabarani,
wanaume wanarusha maji kwa ndoo,
wanawake wanarusha mchanga kwa chochote,
na katika mwanga ule nikalitambua sufuria:
langu, la pilau.

Asubuhi vikaanza kurudi.
Toroli kwanza, limeoshwa, jambo nisilowahi kuona,
likabeba majivu yangu safari saba.
Chupa ya chai ikaja imejaa.
Turubai akalileta mtu wa Iwambi nisiyemjua jina,
akalitandika juu ya mbao zilizosalia, akaomba radhi kwa tundu.
Vilivyoungua ni viti vya Tupokigwe.
Akasema vilikuwa vimechoka.

Nilichoazimisha ndicho kilichonibakia.
Ningeishia hapo, maneno yangekuwa mazuri
kuliko maisha yenyewe.

Lakini cherehani.
Hakuna jirani aliyekuwa nayo aniletee.
Ilisimama palepale, meza yake imekwisha,
kichwa kimeinama kama kinatafuta sindano,
gurudumu halizunguki.
Mchango ulipita: elfu mbili, elfu tano, kuku mmoja.
Mungu awakumbuke wote.
Ukafika nusu ya cherehani,
na nusu ya cherehani haishoni,
na sare kumi na nne zina wazazi, na wazazi wana midomo.

Miezi kumi na moja nilishona kwa mkono, kwa mashine ya kukodi,
usiku, vidole vimekufa ganzi kwa baridi.
Kisha nikaenda Mwanjelwa kumtafuta Lusubilo.
Ilikuwa elfu sabini; sasa sabini na tano.
Nikahesabu noti mbele yake, taratibu,
nikimtazama usoni kama ninayemnunulia ng'ombe.
Safari hii nikataja bei yenyewe.

"Na vingine, mama?"
"Vingine vipo."
"Vipo wapi?"
Nikamwonyesha kwa kidevu, upande wa Isyesye.

Mstari mmoja tu kwenye fomu. Saini yangu imepinda.
Sijui kama watalipa; wenye kalamu mbili
huwa wana maneno mawili.
Risiti nimempa Mama Ambokile anitunzie,
kaiweka ndani ya sufuria.